Kanto Haikutungoja

Michezo mingi ya video haijui kwamba mchezaji ameondoka. Ukizima mashine, askari hubaki mguu mmoja hewani, adui hubaki nyuma ya mlango uleule, na ukirudi baada ya wiki au baada ya mwaka unakuta kila kitu pale ulipokiacha. Mtoto huipenda hali hiyo. Mambo ya wakubwa yamejaa meli zilizokwishang'oa nanga na wageni walioondoka ukiwa skuli. Ndani ya skrini hakuna kinachopita bila ruhusa yako.

Mchezo ulioniharibia raha hiyo, na nikaupenda kwa sababu hiyohiyo, ulikuwa mwendelezo. Unaitwa Pokémon Gold na Silver: kaseti mbili zenye mchezo mmoja na tofauti ndogondogo, zilizotoka Japani tarehe 21 Novemba 1999, zikafika Marekani mwaka uliofuata na Ulaya mwaka 2001. Ndani ya kila kaseti mna saa. Si saa ya hadithi, inayosogea pale msimulizi anapotaka isogee. Ni saa hasa, inayohesabu dakika hata kaseti ikiwa kwenye droo chini ya mashuka.

Ya kwetu ilikuwa Silver. Aliileta mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat, pamoja na Game Boy Color, katika begi lililonukia udi. Kwa Unguja ya miaka ile hilo halikuwa jambo la ajabu: nusu ya vitu vya fahari vya nyumba za mtaa wetu vilikuwa vimekuja na ndege ya Uarabuni. Pokémon wenyewe, wale wanyama wa kubuni wanaokamatwa na kupiganishwa, tulikuwa tumeshawajua. Binamu yangu alikuwa na Blue, kaseti ya mchezo wa mwanzo, na tulikuwa tumeimaliza kwa zamu, mimi na yeye, tukibishana juu ya kila jina la Kiingereza. Tulijua nchi ya Kanto kuliko tulivyojua ramani ya Pemba. Tulijua mji wenye mnara wa makaburi, kisiwa chenye jimu (ukumbi wa mapambano) ya moto, msitu wa wadudu ambamo mtoto hupotea siku yake ya kwanza. Kwa hiyo mjomba alipotoa kaseti ya rangi ya fedha tulijua tunachokitaka: Kanto nyingine, yenye wanyama wengi zaidi.

Wanyama waliongezeka kweli. Mia moja wapya, wakafika 251. Lakini mchezo ulianza kwa swali ambalo Blue haikuwahi kutuuliza. Giza, kisha sauti ya mtu anayeamka usingizini, anauliza: saa ngapi sasa? Unamtajia saa, anauliza na dakika. Kisha mama yako wa mchezoni anataka kujua leo siku gani. Ukishajibu, basi. Kuanzia hapo mchezo unajua wakati wako, na hautausahau.

Matokeo yake tuliyaona siku ileile. Saa nne asubuhi rangi za skrini zilibadilika kutoka mwanga wa asubuhi kuwa mchana mweupe. Saa kumi na mbili jioni kamili kila kitu kikageuka buluu iliyokolea, madirisha ya nyumba yakawaka, na vichakani wakatoka Hoothoot, bundi ambao mchana huwaoni. Nje, muadhini alikuwa karibu kuanza. Bibi yangu, ambaye hakuwa na mzaha na wakati huo, alipita ukumbini akasema, "We mtoto, magharib hii, zima hilo dude ukatawadhe." Nikamjibu, "Bibi, na humu ndani magharib imeingia." Alichukua ile mashine, akaitazama kwa jicho la shaka, akaona kweli kumekuchwa, akanirudishia bila neno. Nilitawadha.

Baadaye sana, nilipokwisha kujua mambo ya latitudo, ndipo nilipoona jinsi tulivyobahatika. Watengenezaji walikata siku yao vipande vitatu visivyobadilika mwaka mzima: asubuhi huanza saa kumi alfajiri, mchana saa nne, usiku saa kumi na mbili jioni. Kwa mtoto wa Osaka huo ni uongo wa miezi mingi. Kwake jua la Juni huzama baada ya saa moja usiku, na la Desemba kabla ya saa kumi na moja jioni. Sisi tulio karibu na ikweta jua halituchezei hivyo. Linazama baada tu ya saa kumi na mbili, masika na kiangazi. Mchezo uliobuniwa Tokyo ulikuwa na anga iliyotufaa sisi kuliko wale ambao ulibuniwa kwa ajili yao.

Saa ilikuja na siku za wiki, na siku za wiki zilikuja na adabu zake. Ijumaa, na Ijumaa tu, Pokémon aitwaye Lapras huonekana katika maji ya chini kabisa ya Union Cave. Jumanne, Alkhamisi na Jumamosi kuna mashindano ya kukamata wadudu katika bustani ya taifa. Jumatatu usiku, huko milimani, Clefairy hutoka wakacheza ngoma. Basi tukawa na kalenda mbili zilizofungamana: tunarudi kutoka sala ya Ijumaa, tunavua kanzu, tunakwenda pangoni kumwangalia Lapras. Aliyekosa Ijumaa alingoja Ijumaa nyingine. Hakuna ujanja wa vidole ulioweza kuiharakisha.

Na watu wa humo waliishi. Mama wa mchezoni alikuwekea akiba sehemu ya pesa ulizoshinda, kisha akapiga simu kukuambia amenunua kitu kwa pesa hizohizo, bila kukuuliza, kama afanyavyo mama yeyote. Kijana mmoja wa njiani, uliyempiga siku ya kwanza kabisa, alikuwa na namba yako na hakuchoka kukupigia kumsifu panya wake. Ukiwa na Eevee anayekupenda, mchana angegeuka Espeon na usiku angegeuka Umbreon. Kiumbe mmoja, na saa ndiyo iliyoamua atakuwa nani.

Nchi mpya yenyewe, Johto, ilijengwa kwa mfano wa eneo la Kansai, kwenye Kyoto na Nara, miji mikuu ya kale ya Japani. Kwa hiyo ni nchi yenye kumbukumbu. Mji mmoja una mnara wa mbao ambao nguzo yake ya katikati huyumba pole pole, na huo si uzushi wa wachoraji. Pagoda za Japani zina nguzo za namna hiyo, na wengi huamini ndizo zinazozisaidia kustahimili matetemeko. Mji mwingine, Ecruteak, ulikuwa na minara miwili. Mmoja umesimama, mwingine uliungua zamani na haukujengwa upya. Unaingia ndani ya magofu, unatembea juu ya sakafu yenye mashimo, na wazee wa mji wanakusimulia moto ule. Katika Blue hakuna aliyetuambia Kanto ilikuwaje kabla yetu. Johto ilikuwa imeshaishi kitambo, na sisi tumeikuta.

Nikiitazama leo naona kuwa mambo yote hayo yalikuwa maandalizi. Saa, wiki, simu za mama, mnara ulioungua: mchezo ulikuwa ukitufundisha taratibu kwamba dunia yake ina jana na ina kesho, kabla ya kututolea siri yake kubwa.

Siri hiyo hatukuijua. Hatukuwa na majarida ya michezo, na kwenye vibanda vya intaneti vya Darajani wakubwa hawakutupisha. Tulikusanya beji nane, tukawashinda wapinzani wanne wakuu na Lance bingwa wao, majina ya watengenezaji yakapita, tukaamini tumemaliza. Kisha tukapewa tiketi ya meli. Meli ikavuka bahari ikatia nanga Vermilion, na wimbo ulioanza kulia ulikuwa wimbo wa Blue, umepigwa upya. Binamu yangu alinipokonya mashine mkononi. "Hapa kwetu," alisema.

Tulikuwa Kanto, na miaka mitatu ilikuwa imepita.

Wanaopenda mchezo huu hupenda kusimulia jinsi nchi nzima ya pili ilivyoingia ndani ya kaseti ndogo. Ni hadithi nzuri. Game Freak, iliyoongozwa na Satoshi Tajiri, ilikuwa kampuni ndogo, na mwendelezo huu ulikwishaoneshwa hadharani mwaka 1997 kisha ukachukua miaka miwili mingine. Aliyewasaidia ni Satoru Iwata, ambaye hakuwa mwajiriwa wao. Alikuwa rais wa HAL Laboratory, na bado alikuwa akiandika programu kwa mkono wake. Aliwatengenezea zana za kubana picha ili zichukue nafasi ndogo. Mwaka 2002 akawa rais wa Nintendo, na alipofariki mwaka 2015 watu wengi waliomlilia walikuwa watoto wa kaseti hizi. Lakini mimi kinachonishughulisha si kwamba Kanto iliingia. Ni hali tuliyoikuta nayo.

Mnara wa makaburi wa Lavender, tuliokuwa tukiupanda kwa woga, ulikuwa umegeuzwa kituo cha redio. Makaburi yamehamishiwa katika nyumba ndogo pembeni. Kisiwa cha Cinnabar hakikuwepo. Volkano ilikuwa imelipuka na kukimeza, jimu na maabara na kila kitu, pakabaki mwamba na kituo kimoja cha kutibia Pokémon. Blaine, mwenye jimu ya kisiwa kile, tulimkuta akiendesha kazi yake ndani ya pango, kwenye visiwa vya jirani. Koga, aliyekuwa kiongozi wa jimu ya Fuchsia, amepanda cheo, na kiti chake amekikalia bintiye. Bustani ya safari imefungwa. Na Blue, si kaseti bali yule mpinzani mwenye maneno mengi aliyetusumbua mchezo mzima wa kwanza, tulimkuta peke yake kwenye mwamba wa Cinnabar, akiwaza jinsi mji ulivyoweza kutoweka mara moja. Amekuwa mtu mzima mbele ya macho yetu. Hatukumzoea.

Tena nchi ilikuwa ndogo. Msitu wa wadudu ulikuwa umebaki njia tu. Mlima Moon, uliotumalizia jioni nzima katika Blue, ulipitika kwa hatua chache. Wanyama wa porini walikuwa dhaifu mbele ya wetu. Kanto ilikuwa kama kanzu ya Idi ya mwaka jana. Najua sasa sababu yake ni ya kiufundi, kwamba nafasi haikutosha na kitu lazima kipunguzwe, na wahakiki wana haki wanaposema sehemu ile ni nyembamba. Lakini kasoro ile ilisema kweli kuliko ukamilifu ungesema. Nilirudi Unguja baada ya miaka ya kazi bara, nikapita kwenye uchochoro ambao utotoni ulikuwa uwanja mzima wa mpira, nikagusa kuta zake mbili kwa mikono yangu miwili. Hakuna aliyepunguza kitu pale kwa ajili ya nafasi.

Wala si kupungua tu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit el-Ajaib ya mjini Unguja iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wakafa. Jumba lile la Sayyid Barghash, la mwaka 1883, ndilo tuliloamini halitikisiki, kwa sababu lilikuwepo kabla ya mabibi zetu. Nilipokuja kulitazama kwenye uzio wa mabati sikuwaza mchezo. Si mahali pa kuwazia mchezo. Ila nilijua namna ya kusimama mbele ya mahali palipoondoka. Nilikuwa nimeshawahi kusimama hivyo, nikiwa mdogo, mahali ambapo hakuna aliyeumia.

Mwisho wa Kanto ni Mlima Silver. Unapanda pango refu lisilo na mtu, na kileleni amesimama kijana wa kofia, amekupa mgongo. Ni Red. Ni yule uliyekuwa wewe katika mchezo wa kwanza. Unamsemesha, na jibu lake ni nukta tupu. Hasemi, kwa sababu mhusika wa mchezaji hakuwahi kusema. Kisha anapigana. Pikachu wake ana kiwango cha 81, na hakuna mpinzani mwingine katika mchezo wote mwenye Pokémon wa kiwango hicho. Ana Venusaur, Charizard na Blastoise, wale watatu ambao katika Blue ulilazimika kuchagua mmoja ukaacha wawili. Na ana Espeon.

Huyo Espeon ndiye aliyetunyamazisha. Katika Blue hakuna Espeon; hajulikani. Ina maana Red hakukaa kileleni akitungoja na kikosi kile tulichomwachia. Ametembea baada ya sisi kuzima mashine. Amemkuta Eevee mahali fulani, amemlea kwa upendo, mchana, mpaka akageuka. Amekuwa na miaka mitatu ambayo sisi, tuliodhani ndio yeye, hatukuwamo. Ukimshinda haongei, skrini inaingia giza, ikirudi hayupo, na majina ya watengenezaji yanapita mara ya pili. Binamu yangu alihuzunika. Mimi nilifurahi kwa namna ambayo sikuweza kuieleza wakati ule. Naweza sasa: nilifurahi kuwa hakuwa wetu.

Kulikuwa na mashine nyingine ndani ya mchezo, ambayo wengi huisahau, ya kubadilishana Pokémon kati ya kaseti mpya na za zamani kwa waya. Ina sharti moja. Yule wa zamani anaweza kuja mbele bila tabu. Lakini huwezi kumpeleka nyuma kiumbe wa aina iliyoanzia katika mchezo mpya, wala wa zamani aliyejifunza pigo jipya, mashine inakataa. Tulijaribu kuipa Blue ya binamu zawadi ya Umbreon, ikakataa. Kilichopita hakipokei kisichokijua. Sheria ile iliwekwa kwa sababu za programu, na ni ya haki kabisa.

Saa ile ilikuwa na gharama yake. Game Boy ilitumia betri mbili za kawaida, tulizokuwa tukizianika juani zikichoka. Lakini ndani ya kaseti, imechomewa kwa risasi mahali usipopaona, mna betri nyingine bapa ya aina ya CR2025. Ndiyo iliyoshikilia kila ulichokihifadhi: jina lako, beji zako, Pokémon wako na majina uliyowapa. Kaseti za Blue nazo zina betri ya kushikilia kumbukumbu, ila kazi yake ni hiyo tu. Katika Gold na Silver betri inaendesha na saa, usiku na mchana, mashine ikiwa imezimwa, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo huisha mapema. Kaseti nyingi za Blue bado zinakumbuka watoto wao wa mwaka 1999, na zile zilizozifuata zimekwishasahau.

Silver yetu imesahau. Niliipata kwa mama, ndani ya kopo la biskuti pamoja na funguo zisizojulikana ni za milango gani. Ilipowaka ilinipa chaguo moja, kuanza upya. Aliyekuwa Lapras wa Ijumaa hayupo, wala Typhlosion aliyepewa jina la mwalimu wetu wa chuoni kwa sababu ya hasira zake. Dawa ipo: fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuitoa betri akachomea mpya, na kaseti ikaanza kuhesabu tena. Yaliyopotea hayarudi, lakini saa inatembea.

Ipo dawa nyingine. Mwaka 2009 Nintendo ilitoa mchezo huu upya kwa jina la HeartGold na SoulSilver. Humo msitu wa wadudu umerudishwa na kumbukumbu haitegemei betri. Ni mchezo mzuri, na mpwa wangu akitaka kuanza nitampa huo bila kusita. Sina ubishi wa wazee wanaotaka watoto wateseke walivyoteseka wao. Namtakia tu aanze na ule wa kwanza, aizoee Kanto mpaka aione ni yake, ndipo apande meli.

Kwa maana hapo ndipo ilipo thamani ya mwendelezo, wa mchezo au wa riwaya au wa filamu. Kila mwaka watu hugombana juu ya miendelezo: hii imeongeza, ile imeharibu, ile nyingine imerudia tu. Mimi nimebaki na kipimo kimoja, nilichopewa na kaseti ya rangi ya fedha. Nauliza kama dunia ile iliendelea kuishi nilipokuwa sipo. Mwendelezo unaonirudisha mahali pale pale, palivyokuwa, pametunzwa ili nisiudhike, unanichukulia mimi kuwa mteja. Unaonirudisha nikakuta mnara umekuwa redio, na binti ameshika kazi ya baba, na yule niliyekuwa mimi ana rafiki nisiyemjua, huo umenichukulia kuwa mtu aliyeondoka na akarudi, ambaye sasa ni lazima aulize habari za wenyeji kama mgeni yeyote. Nilikuwa mtoto nilipofanyiwa heshima hiyo mara ya kwanza, na niliipata kabla sijaihitaji.